Sentimita Saba

Ofisi imesema: hakuna kibali cha kukarabati
bila mchoro wa kompyuta.
Basi mimi, Famau Shee, mwashi wa chokaa,
miaka hamsini na mitatu, kucha zimeliwa na kazi,
naketi dawati la mbele katika chuo cha ufundi
kati ya vijana wanaonukia mafuta ya nywele,
nimeshika kipanya kama mtu aliyekamata kifaranga.

"Usikibane," asema Mwalimu Sidi. "Hakitoroki."

Somo la kwanza ni sifuri.
Kila nyumba, asema, ina mahali inapoanzia.
Chagua pembe moja, iite sifuri, mkato, sifuri.
Kulia ni eksi. Juu ni wai.
Ukiandika nne, mkato, tatu, umeitwa na umeitika,
huwezi kuwa kwingine.
Nikamwambia sisi Lamu mtu huelekezwa vingine:
fuata ukuta wa msikiti, pita mwa Bi Zaharia,
ukisikia cherehani, pinda.
Akacheka. Hata hiyo ipo, akasema.
Tanguliza alama hii, a yenye mkia,
kompyuta itahesabu kuanzia uliposimama.
Nikaipenda ile a.
Imejikunja kama paka kwenye baraza la mtu.

Jumamosi nikaenda Mkomani na utepe,
chumba cha nyuma, zidaka zimebomoka,
Bwanaheri akanishikia ncha.
Upana, mita mbili na themanini,
kwa kuwa boriti ni boriti,
mkoko haurefuki kwa kubembelezwa.
Urefu, mita nne.
Upana wa upande wa pili, mbili na themanini na saba.
Nikamgombeza Bwanaheri: umelegeza utepe.

Jumatatu nikachora.
Kulia, mbili nukta themanini. Juu, nne.
Kushoto, mbili nukta themanini na saba. Chini, nne.
Mstari ukashuka kurudi kwao
ukabisha mlango usio wake:
sentimita saba kushoto ya sifuri.

"Bonyeza C," akaninong'oneza Tima wa meza ya pili,
"itafunga yenyewe."
Nikabonyeza. Ikafunga.
Ikachomeka kijistari cha uongo, kifupi, kinyoofu,
kama lipu juu ya ufa.
Nimewafukuza vibarua kwa kazi kama ile.
Nikakifuta.

Nikarudi Mkomani siku hiyohiyo, jua la saa tisa.
Nikapima mshazari, pembe hadi pembe, mara tatu.
Nikaomba radhi kwa Bwanaheri.
Ukuta wa magharibi haukukosewa.
Umeegemea nyuzi tisini na moja
tangu chini, tangu jiwe la kwanza.
Nikatoka nje, nikauzunguka.
Pale penye sifuri yangu, kichochoro kinakata kona,
na ukuta umejirudisha ndani kidogo,
upana wa vidole vinne.
Chokaa ya hapo imelainika, inang'aa, kimo cha bega.
Nikasimama nikiitazama
mpaka nikakumbuka bega langu mwenyewe,
mwaka ule tulipombeba mama,
tukageuza jeneza kona hii bila kuliinamisha.

Nikaandika 91 kwenye mchoro, na alama ya nyuzi.
Mwalimu Sidi akaizungushia wino mwekundu.
"Una hakika? Aliyejenga alikuwa na kipimo gani?"
Alikuwa na timazi, nikasema.
Na jirani.
Akaitazama karatasi kitambo. Hakufuta duara lake.
Kando yake akaandika: sawa.

Wiki ijayo ni ngazi.
Vidato kumi na vinne, hakuna viwili vilivyolingana,
na cha sita kimeliwa katikati kama sabuni.
Nimemuuliza Tima amri ya kuchora kitu kilichochoka.
Anasema bado hawajafika hapo.
Nimenunua daftari lenye miraba,
nimechonga penseli mbili,
na mwiko nimeutia mfukoni, hata sijui kwa nini.