Kilo Themanini

Mwalimu Cishugi alitugawia karatasi yenye nyuso sita,
ya kwanza inacheka, ya mwisho inalia.
Wino wa duka la Kadutu ulikuwa umefifia,
nyuso zote zikabaki na huzuni moja.
"Ulizeni," alisema. "Sifuri hadi kumi.
Msiandike mnachokiona. Andikeni mnachoambiwa."

Nami nilikuwa hodari wa kuandika ninachokiona.
Miaka minne ya zamu za usiku:
amenyamaza, hajambo;
analia, mwambieni avumilie,
wenzake wamelala.

Kitanda cha tisa, Mama Cibalonza,
aliyepasuliwa tumbo jana, mvua ikipiga mabati
na umeme ukikatika mara mbili.
"Mama, maumivu ni ngapi?"
Akatazama dari. "Moja, mwanangu. Mungu ni mwema."
Kalamu yangu ilikwisha kugusa karatasi
mwalimu aliponishika kiwiko.
"Mwambie akohoe."

Hakukohoa.
Alikunja shuka kwa ngumi mbili,
pumzi ikapanda hadi kooni, ikaogopa kushuka.

"Mama, unafanya kazi gani?"
"Nabeba mizigo. Toka ziwani mpaka sokoni, juu kule."
Kamba ilikuwa imemchimbia mfereji kwenye paji la uso.
Niliuona asubuhi, nikadhani ni uzee.
"Basi mzigo wa leo, ni kilo ngapi?"

Akafumba macho, kama anayepima kwa mgongo.
Nje, mtu aliburuta ndoo sakafuni, mbali, tena mbali zaidi.
"Themanini," akasema.
"Na mlima bado."

Tukampa dawa kwa mshipa, polepole,
nami nikahesabu pumzi zake, saa mkononi.
Baada ya nusu saa nikarudi.
(Kurudi: somo ambalo sikuwahi kuliandika daftarini.)
"Hamsini."
Nikarudi tena.
"Ishirini na tano. Huo hata binti yangu anaubeba."
Kisha akakohoa, mto umebanwa tumboni,
kikohozi kidogo, kibaya, kizuri mno.

Fomu haina safu ya kilo.
Niliziandika pembeni, juu ya mhuri.

"Mvumilivu hula mbivu," akasema mshonaji wa kitanda cha kumi.
"Leo ale uji kwanza," mwalimu akajibu,
akaenda zake wodi ya pili.

"Na wewe, mama?"
"Mimi? Sifuri," akasema mshonaji,
bila kugeuza shingo.

Nikavuta kiti.