Mguu wa Furukombe

Kazi yangu ni pasipoti, pale Mabatini:
kaa wima, usicheke, ficha meno,
shuka la buluu nyuma, elfu tano kwa nne.
Jumapili nafunga studio,
naazima lenzi ndefu ya Lushinge,
nateremka Luchelele kabla mawe hayajapata moto.

Mbuke alinikatia matumbo ya sangara,
akacheka: "Na huyo ndege naye anasafiri?"

Jumapili tatu alinipa kisogo.
Ya nne akatua, hatua sita toka nilipolala,
kucha zikagonga jiwe kama mhuri.
Hakuhitaji kuambiwa asicheke.
Kichwa cheupe, jicho la kahawia
likanikagua kama ofisa
ambaye ameshaamua jibu.
Nikabana pumzi. Nikabonyeza.

Usiku, kwenye kompyuta, nikamkuza:
unyoya juu ya unyoya,
gamba la samaki limegandia mdomoni,
na ndani ya jicho, kitu kidogo kimelala kifudifudi,
mimi.
Nikashuka chini zaidi.
Mguu wa kushoto una uzi wa wavu, wa kijani,
umezunguka mara tatu, umezama nyamani,
kidole kimoja kimeshakuwa cheusi.
Hatua sita, na sikuuona.
Nilikuwa natafuta uso.

Hoteli moja ya Kapripoint imeinunua, iko mapokezi.
Meneja alisifu sana macho.
Ila huo mguu, akasema, wageni wanakula hapa.
Nikaukata palepale, mbele yake,
haikuchukua hata dakika.

Mguu umetoka.
Uzi bado uko ziwani, unaruka.