Mpishe kwa Kiuno

Saa kumi na moja na nusu alfajiri, juu ya paa,
Mtaa wa Narung'ombe, kati ya matangi na kamba za kuanikia,
Zamoyoni fundi cherehani anavua kandambili,
anazipanga kama za msikitini.
Chini yetu Kariakoo inakohoa.

Mimi nilikuwa bondia. Manzese waliniita Nyundo.
Pua yangu ilivunjwa mara mbili, goti mara moja,
na mke wangu aliondoka bila kuvunja kitu.

"Nisukume," akasema siku ya kwanza,
mwanamke wa kilo hamsini, futi kamba shingoni.
Nikamsukuma kwa adabu.
"Nisukume. Usinibembeleze."
Nikatia bega, nikatia kifua, nikatia na deni la pango —
hakuwepo.
Pale alipokuwa palikuwa na hewa tu,
na mimi nimelikumbatia tangi la lita elfu.

Hakucheka. Angecheka ningemshukuru.
"Mwenye nguvu mpishe, waliosema hawakukosea.
Ila usimpishe njia. Mpishe kwa kiuno,
nyayo zibaki pale pale, zinalipa pango."

Alifundishwa na mama yake, na mama yake
na mpishi wa kambi ya reli kule Mlimba,
Mchina wa Kiswahili cha maneno arobaini,
thelathini na nane ya vyakula.

Miezi mitatu sikugusa mtu. Nilisimama.
Magoti yamelegea, mikono imekumbatia mtungi usiokuwepo,
pumzi ikishuka chini ya kitovu
kama ndoo kisimani.
Mapaja yakatetemeka.
"Mguu mmoja ujae, mmoja uwe mtupu.
Ukiijaza yote miwili umekuwa kabati."

Polepole ndio mwendo? Hilo ni jina la kanga.
Hapa polepole ni adhabu:
kila kona ya mwili uliyoipita mbio
unaipitia sasa kwa miguu,
nayo inakudai salamu.

Siku moja akanipa kidonge cha uzi. "Vuta."
Nikavuta kwa pupa, ukakatika.
Nikavuta kwa woga, ukalegea, ukajipiga mafundo.
"Katikati ya hayo mawili kuna mkono. Utafute."

Bado nautafuta.

Jana, kona ya Msimbazi, kijana kanikwida shati,
kisa nimekanyaga turubai lake la soksi.
Ngumi yangu ya kulia ikaamka;
naijua, hulala macho wazi.
Lakini kiuno kilishatangulia,
kikageuka kidogo, kama mlango uliotiwa mafuta,
na kijana akapita na hasira yake yote,
akasimama upande wa pili
akishangaa kiganjani ana nini.

Kifungo.

Leo nimempelekea Zamoyoni shati, kifua mbele,
nikamsimulia yote, hata soksi.
Akatunga uzi kwenye sindano, akaulamba ncha.
"Ulichelewa," akasema.
"Kifungo kisingetoka."