Mita ya Arobaini na Moja

Bratislava, Januari. Theluji ya nje imekanyagwa ikawa kioo.
Ndani, Drahomíra anamimina naitrojeni,
na moshi mweupe unatambaa sakafuni
kama paka asiye na haraka.

Utepe una upana wa milimita nne,
wembamba wa ukucha.
Karatasi ya kiwanda inasema:
ampea mia na hamsini, mwanzo hadi mwisho.
"Mwanzo hadi mwisho," anarudia Drahomíra
kwa sauti ya mtu aliyewahi kuolewa.

Gurudumu linazunguka. Utepe unazama,
unapoa hadi umeme unapita bila kulipa ushuru,
na kijicho cha sumaku kinaukagua
milimita kwa milimita.

Mia na hamsini na mbili. Mia na arobaini na tisa.
Mstari kwenye skrini umelala bapa, barabara ya Galanta.
Samo, mwanafunzi, anapiga mwayo.
Mita ya thelathini. Ya arobaini.
Kisha mstari unaporomoka:
tisini na moja.

Kwa macho huoni kitu.
Fedha inang'aa vilevile, haina ufa, haina doa.
Labda chembe ya vumbi ilitua tabaka likiota,
labda fundi alipiga chafya,
labda fuwele moja iligeuza bega
wenzake wakatazama kwingine.

"Lakini wastani wake ni mzuri," Samo anasema.
Drahomíra anafuta ukungu kwenye miwani kwanza.
"Mkondo haupiti kwenye wastani.
Unapita kila mahali, na pale unapobanwa
ndipo unapoungua."

Kamba hukatika pabovu.
Sisi wenye methali hiyo hatukungoja maabara kuijua;
ila methali haisemi pabovu ni wapi.
Yeye anajua: mita arobaini na moja, sentimita kumi na nane.

Akikata, kipande kirefu kinabaki hamsini na nane na ushei,
na koili ya mteja wa Brno inataka sitini.
Kwa hiyo hakati.
Anautoa utepe, anausubiri upate joto la chumba,
analehemu juu ya shimo kiraka cha utepe uleule,
kirefu kama kidole cha shahada.

Wanapima tena. Mia na arobaini na sita.
Samo anashika kalamu, anaanza kuandika *kizima*.
"Andika kiraka," anasema Drahomíra.
"Andika na mita yake."

Pale patabaki joto kidogo, kidogo mno,
kama kwenye kiti
mtu anapokuwa ameondoka sasa hivi.