Risiti

Niliinunua Nyali, kati ya mafuta ya kupikia
na sufuria za ofa, Ijumaa ya mshahara.
Okidi. Kibandiko hakikusema zaidi:
okidi, mistari myeusi, elfu mbili mia nne.
Kama mtu kuitwa "binadamu", basi.

Ilivaa nailoni inayometa, utepe wa zambarau,
na juu ya petali wameirashia unga wa dhahabu,
sijui nani aliyeona Mungu hakumaliza kazi.
Msichana wa kaunta akauliza kama nina kadi ya pointi.
Ninayo. Nikapata pointi ishirini na nne.

Wiki tatu ilikaa juu ya friji.
Wageni waliisalimu kabla yangu.
Nami nikaipenda kwa namna niijuayo:
asubuhi kikombe, jioni kikombe,
na jua likichoma, kikombe cha tatu.
Wiki ya nne ua moja likadondoka
kwenye sahani ya mume wangu.
Akalisogeza kando kama mwiba wa samaki,
akaendelea kula.

Nikarudi na risiti.
Meneja, kijana mpole, tai imemkaba,
akageuza karatasi, akanionyesha kwa kidole:
bidhaa zinazooza hazirudishwi.
Okidi ilikuwa kwenye orodha, baina ya maziwa na kuku.
Hakunidanganya.

Saumu wa ghorofa ya chini ndiye aliyenielekeza:
nenda Kisauni, nyuma ya pale wanapofyatua matofali,
uliza Mbodze wa maua. Usivae viatu vizuri.

Mbodze hana vibandiko. Ana neti ya kivuli,
waya, magome, makopo ya rangi yaliyotobolewa,
makumbi ya nazi aliyoyaroweka siku saba
mpaka chumvi ikaisha.
Hakuniuliza nataka rangi gani.
"Dirisha lako laelekea wapi?"
Sikujua. Mwaka wa kumi na moja nalifungua.
"Usiku wasikia upepo, au wasikia jirani?"
Jirani, nikasema.
"Basi sikuuzii."

Akaichukua yangu, akaivua chungu
kama anayemvua mtoto kiatu kilichombana.
Chungu hakikuwa na tundu hata moja.
Mizizi myeusi, laini kama ndizi iliyosahauliwa,
na katikati, pale moyo ungekaa,
kipande cha sponji ya kiwandani
kimejaa maji yangu.
Vikombe vyote vile.
"Huyu hana kiu," akasema. "Amezama."

Akakata kwa wembe alioupitisha motoni,
akapaka mdalasini, huu huu wa pilau.
Ikabaki mizizi mitatu, ya kijivu, hai kwa ubishi.

Nikasema maduka makubwa ni wauaji.
Nilikuja na hasira, nikiitafutia mwenza.
Akacheka. Miaka tisa alipiga deki hotelini Shanzu;
kila maua yalipopukutika pale mapokezi
aliambiwa tupa, naye akatupa
ndani ya mkoba wake.
"Hawa wote uwaonao walikuwa na kibandiko."

Wote, ila mmoja, kwenye gogo la kona:
manjano yenye madoa, kama ngozi ya chui,
aliuokota juu ya mti ulioangushwa kupisha barabara.
Huo hauuzwi. Una jina, la Kigiriama;
nikaliandika, nadhani vibaya, nyuma ya risiti.

Alinitoza mia tatu, za makumbi na mdalasini.

Usiku nikasimama dirishani na dira ya simu.
Mume wangu akauliza kama nimepoteza kibla.
Mashariki, nikamjibu, na ukuta wa jirani.
Juu ya friji, kopo la rangi, jani moja na nusu.
Leo siku ya sita sijalimwagia. Mkono waniwasha.

Ijumaa nyingine ya mshahara nikapita Nyali.
Zilikuwa saba, nusu bei, zimeinamisha shingo
chini ya unga wao wa dhahabu.
Nikapenyeza kidole ndani ya nailoni, nikapapasa chini:
hakuna tundu. Ya pili, hakuna.
Mkobani nilikuwa na kalamu.
Nilitoboa vyungu vinne
kabla mlinzi hajageuka.