Kielelezo P4

Kipande cha reli, kirefu kama mkono wangu hadi kiwiko,
kimelala mezani tangu Jumatatu.
Mimi ndiye karani; nimekibandika karatasi: P4.
Kimekatwa, kikasuguliwa hadi kikawa kioo,
na ukikielekeza kwenye mwanga
unaona ndani yake vidoa vyeupe, kama mba.

Ni nyufa, anasema mhandisi Ndahani.
Chuma kilipoa mbio, hidrojeni ikakosa mlango.
Leo hazina neno.
Zinangoja behewa la arobaini, usiku, huko Gulwe.

Kampuni mbili zinagombea hataza ya dawa yake.
Dai la kwanza, nanukuu: reli ingali moto
iwekwe ndani ya sanduku lenye mfuniko,
ishuke kutoka nyuzi mia tano hadi mia moja na hamsini,
kwa muda usiopungua saa kumi.
Sisi ni saa tisa, anasema wakili wa pili, akikaa.
Nachapa kumi. Nachapa tisa.
Katikati ya vidole vyangu
inapita saa moja yenye thamani ya mabilioni.

Nje, upepo wa Julai unachambua mabati ya Dodoma.

Bibi yangu Mbeleje alifinyanga Kibakwe.
Vyungu vikishaiva kwenye moto wa samadi
alivimwagia majivu, akaketi
upande upepo unakotokea,
mgongo wake ukawa ukuta hadi alfajiri.
Tukinyoosha mkono alitupiga kwa mwiko.
Chungu kilichoshtuliwa na baridi, alisema,
hakipasuki leo.
Kinangoja siku ya wageni, mboga ikiwa jikoni.

Hakuhesabu saa. Hakuweka sahihi popote.
Mfinyanzi hulia gaeni, naye alilia humo,
gae lenye ukingo mweusi, nalikumbuka.

Jaji anauliza: nani alitangulia?
Mawakili wanafunua majalada.
Mimi nachapa alama ya kuuliza.
Karani hana kinywa kwenye kumbukumbu za shauri;
ana vidole tu.

Limeahirishwa hadi tarehe tisa Oktoba.

Jioni narudi kuchukua miwani,
namkuta mlinzi Lechipya anavunja karanga
juu ya P4, kwa kitako cha tochi.
Hicho ni ushahidi, namwambia.
Anapuliza maganda, anakipapasa kwa kiganja.
Mbona bado kina joto?

Jua la dirishani lilikuwa limekishika mchana kutwa.
Upepo ulikuwa unaanza tena.
Nikafunga dirisha.