Bahasha ya Kaki

Mimi ni mpanga madaraja.
Nipe jani la tumbaku, hata koroboi ikiwa inazimika,
nitakwambia liliiva upande gani wa shamba
na kama bani lilizidiwa moto usiku wa pili.
Doa la ncha ya sindano halinipiti.

Lakini kifua cha shemeji yangu Mihayo
nilikisikia mwaka mzima, sikukisoma.

Alikohoa kiangazi, tukasema vumbi.
Alikohoa masika, tukasema baridi.
Dukani wakampa dawa ya maji, chupa tatu.
Zahanati wakampa vidonge vya kifua kikuu;
makohozi hayakuwa na mdudu, wakasema ameze tu.
Alipofika mkoani, faili lilikuwa Urambo.
Faili lilipofika mkoani, yeye alikuwa kwa mama yake, kwenye mkeka.
Kila meza ilimpokea kama mgeni:
"Tatizo lako nini, mzee?"
Naye akaanza upya, na upya,
mpaka hadithi ikawa ndefu kuliko pumzi.

Tulimzika msimu wa palizi.

Basi mume wangu Maganga alipoanza,
nilihesabu. Kwa mkaa, nyuma ya mlango wa bani,
mstari mmoja kila Jumapili.
Mstari wa tatu nikamwambia, vaa shati.
"Moshi wa bani tu huu," akasema.
"Moshi nao una daraja lake. Vaa."

Sista Nyanzala hakumuuliza sigara ngapi
kwa sauti ya hakimu.
Aliuliza: wiki ngapi? Damu ipo? Suruali imelegea?
Akampigia mtu wa picha mkoani, akamwita kwa jina,
akaandika namba yake mwenyewe mgongoni mwa bahasha ya kaki:
*Mkikwama, nipigie. Msirudi nyumbani kimya.*

Tabora mjini daktari aliinua picha kwenye mwanga,
na mimi nikainamisha kichwa vilevile alivyoinamisha yeye.
Lile pale. Kulia, juu,
punje ya mtama iliyosahaulika kwenye ungo.
Alilitamka neno saratani bila kulifunika shuka.
Kisha akasema, "Bado dogo."
Maneno mawili.
Nimeyanywa kama uji wa mgonjwa, kijiko kwa kijiko,
treni nzima hadi Mwanza.

Na Mwanza walikuwa wanatujua!
Hilo ndilo lililoniliza, si kisu.
Muuguzi wa mapokezi: "Maganga wa Urambo?
Sista wenu alipiga jana. Kitanda kipo."
Hakuna aliyemtaka aanze upya.
Pumzi yake akaitumia kupumua.

Sasa ana kovu linalopinda chini ya kwapa.
Kila miezi mitatu tunarudi na bahasha,
imechakaa pembe, namba ya Sista imefifia,
nimeikoleza kwa wino mara mbili.
Atapona? Daktari husema, "Tutaangalia."
Nami sijamdai zaidi ya hapo.
Nusu ya shamba mwaka huu ni alizeti.
Nusu nyingine, usiniulize;
ada ya shule haijui saratani.

Usiku huu napanga majani.
Kwenye bani la jirani mtu anakohoa,
ananyamaza, anakohoa tena.
Naweka jani chini.
Natafuta mkaa.